Mkopo Usiochukuliwa Ufutwe



Mwezi huu sitaandika juu ya mbolea ya kukuzia wala juu ya viwavi vya mahindi. Nataka tuzungumze juu ya deni la Serikali, na hasa juu ya sehemu moja ya jambo hilo ambayo haitajwi sana: ruhusa ya kukopa ambayo imekwisha kutolewa, lakini haijatumiwa. Najua wengine mtasema, "Hayo ni mambo ya Nairobi, sisi tuna ng'ombe wa kukamua." Ngojeni kidogo. Nitaanza na habari ya hapa hapa kwetu, kisha mtaona kwamba njia ya kwenda Nairobi si ndefu kama mnavyodhani.

MZEE NA HATI YAKE

Mzee mmoja wa upande wa Naitiri alifika ofisini asubuhi moja ya masika, hati zake zimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni ili zisilowe. Nilimkumbuka mara moja, maana miaka minne iliyotangulia mimi mwenyewe ndimi niliyemsaidia kujaza fomu za mkopo. Wakati ule alitaka shilingi 200,000, za kununua ng'ombe wawili wa maziwa na kujenga banda. Nikamshauri hivi: "Mzee, shamba lako linaweza kubeba zaidi. Omba 600,000. Hizo nyingine zikae tu. Siku utakapotaka pampu ya maji hutaanza safari upya." Nilidhani hiyo ni busara. Naye alikubali, kwa sababu mimi ndimi niliyesoma.

Alichukua zile 200,000, na alizilipa vizuri kutoka katika fedha za maziwa. Zile 400,000 hakuzigusa. Mambo ya pampu yalikwama, maana jirani alikataa bomba lisipite katika mpaka wake. Lakini katika daftari la ofisi ya ardhi shamba lake lilikuwa limewekwa rehani kwa shilingi 600,000, wala si kwa 200,000. Ushuru wa stempu ulilipwa kwa 600,000. Na kila mwaka mkopeshaji alikata ada ndogo kwa ajili ya fedha zilizokuwa zikimngoja. Mzee hakuiona ada hiyo, maana ilikuwa imechanganywa na riba katika mstari mmoja.

Siku alipokwenda katika chama chake cha akiba na mikopo kuomba karo ya chuo ya binti yake, aliambiwa kwamba shamba tayari lina mzigo wa kutosha.

"Karani," akaniambia, "fedha hizo mimi sikuzila."

"Ni kweli, mzee, hukuzila."

"Basi mbona nazilipia?"

Sikuwa na jibu la kumfaa. Siku hiyo hiyo tuliandika barua ya kuikataa sehemu ya mkopo iliyobaki. Baada ya safari nyingi rehani ilipunguzwa, ada ikakoma, na chama kikamkopesha. Lakini muhula mmoja ulikuwa umekwisha kupita, na binti aliukosa.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za mikopo ya Serikali kwa jicho jingine. Kwa maana niliyoyafanya mimi katika fomu ya mzee yule ndiyo yanayofanywa, kwa hesabu kubwa zaidi, katika mikopo ya nchi.

SERIKALI HUKOPA KWA NJIA GANI

Serikali hukopa kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni kuuza hati za dhamana, ambazo watu wa mjini huziita bondi. Mwenye fedha hununua hati, naye Serikali humlipa riba kila baada ya miezi 6, na mwisho humrudishia fedha zake. Njia ya pili ni mkataba wa mkopo na benki kubwa au na nchi nyingine. Katika mkataba wa namna hii fedha haziletwi zote siku moja. Huwekwa tayari, na Serikali huzichota kidogo kidogo kwa kadiri kazi inavyoendelea.

Katika njia zote mbili, kwanza lazima iwepo ruhusa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 211, inalipa Bunge uwezo wa kuweka masharti ya Serikali kukopa. Kifungu cha 201 kinasema kwamba mzigo na faida za deni la taifa zigawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Tafadhali mkumbuke maneno hayo, nitayarudia.

Basi jambo la kufahamu ni hili: ruhusa ya kukopa si fedha. Mtu anaweza kuwa na ruhusa ya kuvuna msitu lakini hana shoka. Mfano mzuri ni ile hati ya dhamana ya mwaka 2017 iliyoitwa M-Akiba, ambayo iliwekwa kwa ajili ya watu wadogo kama sisi. Mtu aliweza kuinunua kwa simu ya mkononi, kuanzia shilingi 3,000, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, bila kodi. Mwezi wa Machi mwaka ule ziliuzwa hati za shilingi milioni 150, na zote zilikwisha upesi. Serikali ikatiwa moyo. Mwezi wa Juni ikatafuta shilingi bilioni 1, lakini ilipata karibu robo yake tu. Mpango mzima ulikuwa umetajwa kuwa wa shilingi bilioni 5. Sasa fikirini juu ya mtu ambaye angepanga matumizi yake kwa kutazama zile bilioni 5 zilizoandikwa, badala ya kutazama zilizoingia mfukoni. Angekuwa kama mkulima anayehesabu magunia wakati mahindi yangali yanatoa mbelewele.

UBAYA WA RUHUSA INAYOLALA

Watu wengi hudhani kwamba mkopo usiochukuliwa hauna madhara. Husema, "Kama hatujazichukua, hatudaiwi." Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo. Lakini yako madhara matatu.

Dhara la kwanza ni ada. Wakopeshaji wengi hutoza ada kwa fedha walizoahidi ambazo hazijachukuliwa, maana wao husema wameziweka kando kwa ajili yako. Viwango hutofautiana. Mikopo mingine haina ada hiyo kabisa, na mingine hutozwa robo au nusu ya shilingi kwa kila shilingi 100 kwa mwaka. Robo ya shilingi huonekana ndogo. Haya, tufanye hesabu kama tulivyofanya shuleni. Mkopo wa shilingi bilioni 10 ambao haujachotwa, kwa ada ya robo ya shilingi kwa kila 100, hutoza shilingi milioni 25 kwa mwaka. Mwaka 2023 bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku ilishushwa hadi shilingi 2,500. Gawanya: milioni 25 ni bei ya mifuko 10,000. Mifuko 10,000 kila mwaka, na hakuna jembe hata moja lililogusa udongo.

Na mikopo ya namna hiyo si mmoja. Ripoti za Hazina ya Taifa na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimeonyesha mara kwa mara kwamba mikopo iliyotiwa sahihi lakini haijachukuliwa huzidi shilingi trilioni 1. Trilioni moja ni milioni mara milioni. Si yote yanayotozwa ada, na si yote yaliyokufa, kama nitakavyoeleza. Lakini Mkaguzi Mkuu ameyalalamikia mara nyingi malipo ya ada kwa fedha ambazo mwananchi hajaziona. Wenzetu wa Uganda, ng'ambo ya Suam na Malaba, wamekuwa na malalamiko hayo hayo katika ripoti za Mkaguzi wao.

Dhara la pili ni tamaa. Nafasi iliyo wazi hukaribisha kujazwa. Mwaka 2019 Bunge liliweka kikomo cha deni la taifa kuwa shilingi trilioni 9. Wakati ule deni lenyewe lilikuwa karibu trilioni 6. Yaani ilitolewa nafasi ya trilioni 3 mara moja. Mwezi wa Juni 2022 deni lilikuwa limepita trilioni 8.5, nafasi imebana, na Bunge likapandisha kikomo hadi trilioni 10. Mwaka 2023 kikomo cha shilingi kiliondolewa. Sheria ikasema badala yake kwamba thamani ya sasa ya deni isizidi asilimia 55 ya pato la taifa, yaani ya jumla ya mali yote ambayo nchi huzalisha kwa mwaka. Serikali ikapewa muda mpaka mwaka 2028 kufikia kiwango hicho, maana wakati sheria inapitishwa deni lilikuwa limekwisha kukizidi. Mwisho wa Juni 2025 deni lote lilikuwa karibu shilingi trilioni 11.8.

Sisemi kwamba kikomo kikubwa peke yake ndicho kilichozaa deni. Ugonjwa wa korona ulikuja mwaka 2020, na shilingi yetu ilipungua nguvu. Lakini kila mkulima anajua kwamba ukijenga ghala kubwa kuliko shamba lako, siku moja utashawishika kununua mahindi ya watu ili lisionekane tupu.

Dhara la tatu ni giza. Ruhusa za zamani zikirundikana, hakuna mtu anayejua hakika nchi imejifunga kwa kiasi gani. Mwenye kutukopesha anapotupima hutazama pia ahadi zetu zilizolala, kama kile chama kilivyotazama rehani ya mzee. Tena mkopo uliokusudiwa bwawa fulani mwaka fulani unaweza kukaa mpaka watu waliouomba wameondoka ofisini, na bei za saruji na vyuma zimebadilika, na hata mto umebadilika. Wanaokuja nyuma hukuta karatasi, wala hawajui kama ni kazi hai au ni maiti.

FEDHA ZA BAJETI HUFA, MKOPO HAUFI

Hapa kuna jambo la ajabu kidogo. Fedha za bajeti zina siku yake ya kufa. Mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni, na ruhusa ya Bunge ya kutumia fedha za mwaka huo huisha pamoja nao. Kila karani wa Serikali anajua mbio za mwezi wa Juni. Ofisi ambayo haikutumia fedha zake haiwezi kusema, "Ziacheni hapa mpaka tutakapozitaka." Lazima iombe upya na ieleze sababu.

Lakini mkataba wa mkopo haufi tarehe 30 Juni. Una tarehe yake ya kufungwa, na tarehe hiyo husogezwa mbele, tena na tena. Kwa nini shilingi ya kodi iwe na siku ya kufa, na shilingi ya mkopo, ambayo ni ghali zaidi kwa sababu ina riba, iishi miaka na miaka bila kuulizwa?

Nchi nyingine zimeliona jambo hili. Katika jimbo la Connecticut, Marekani, baraza la kutunga sheria huruhusu kuuzwa kwa hati za dhamana kwa kazi maalumu, na mara kwa mara hupitisha sheria ya kuzifuta ruhusa za zamani ambazo hazikutumiwa. Hawafanyi hivyo kwa sababu wanachukia barabara na shule. Hufanya hivyo ili daftari lao liseme kweli.

WANAOPINGA WANASEMA NINI

Mwenzangu mmoja wa ofisini alisoma maneno haya kabla sijayapeleka kwa mhariri, akaniambia: "Wewe utatuletea balaa. Mikopo ikifutwa, Trans Nzoia na Bungoma zitakosa barabara na maji. Kazi kubwa huchukua muda."

Anayo haki kwa sehemu, na sitaki mtu asome makala haya akadhani kwamba kila mkopo unaochelewa ni mkopo mbaya. Tazameni barabara ya lami ya kutoka Kitale kupita Endebess mpaka Suam, karibu kilomita 45. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa mradi huo, pamoja na sehemu ya Uganda ya Suam mpaka Kapchorwa na barabara ya kuzunguka Eldoret, mwaka 2017. Isingewezekana kuzichota fedha zote mwaka ule. Mkandarasi hulipwa kwa kazi iliyopimwa. Mkopo ulikaa wazi kwa sababu kazi ilikuwa ikiendelea, na wakulima wa Endebess leo wanajua faida yake wanapopeleka mahindi yao Kitale.

Kadhalika ule mradi wa kilimo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2016, ambao wengi mnaukumbuka kwa jina la NARIGP. Trans Nzoia na Bungoma zilikuwa kati ya kaunti 21 zilizochaguliwa. Vikundi vilipata fedha kwa awamu, kwa kuku, kwa maziwa, kwa ndizi. Fedha za awamu ya tatu hazikuwa zimelala wakati vikundi vilipokuwa katika awamu ya kwanza. Zilikuwa zikingoja zamu yake.

Basi tusichanganye mambo mawili. Mbegu iliyo ardhini haionekani, lakini inaota. Mbegu iliyosahauliwa darini nayo haionekani, lakini inaliwa na fukusi. Mkulima mwenye akili hufukua kidogo ili ajue ni ipi. Hataacha shamba zima msimu wote kwa kungojea mbegu iliyooza, wala hatafukua mbegu iliyo hai.

Wengine husema kwamba kufuta mkopo nako kuna gharama katika mikataba mingine. Hiyo ni kweli pia. Lakini gharama ya kufuta hulipwa mara moja, na ada ya kungoja hulipwa kila mwaka. Hiyo ni hesabu ya kufanya kwa kalamu, mkopo kwa mkopo, wala si ya kuogopa.

MAONI YANGU

Mimi ni karani tu, si mtu wa Hazina. Lakini Katiba inasema katika mambo ya fedha za umma kuwe na uwazi na wananchi washirikishwe, kwa hiyo nasema mbele yenu ninayoyaona kuwa yafaa.

Kwanza, kila mkopo au ruhusa ya kuuza hati za dhamana iwe na siku ya kufa iliyoandikwa katika sheria. Mkopo ambao hata shilingi moja haijachotwa kwa miaka 2 ufutwe, isipokuwa Waziri afike mbele ya Bunge aeleze kinachouzuia na lini kitaondoka.

Pili, kazi ikimalizika na fedha zikabaki, kilichobaki kifutwe mara moja. Kisihamishwe kimya kimya kwenda kazi nyingine. Kazi mpya iombewe ruhusa mpya.

Tatu, orodha ya mikopo inayolala itolewe kaunti kwa kaunti, kwa lugha ambayo mkulima anaisoma, pamoja na ada iliyolipwa kwa kila mmoja. Leo mambo haya yamo katika vitabu vinene vya Kiingereza. Mkulima wa Tongaren au wa Kwanza anapaswa kuweza kuona: mkopo huu ni wa maji yetu, haujachukuliwa, na sababu ni hii.

Nne, nafasi ya kukopa isitolewe kubwa kuliko kazi zilizo tayari. Ardhi ipatikane, michoro ikamilike, na sehemu ya fedha ambayo Serikali inatakiwa kuchangia iwekwe katika bajeti, kisha ndipo mkataba utiwe sahihi. Mara nyingi sisi hutia sahihi kwanza na kutafuta ardhi baadaye.

SEHEMU YETU SISI WAKULIMA

Sasa nageukia kwetu, maana si haki kuilaumu Hazina peke yake.

Miradi mingi hukwama kwa sababu ya ardhi. Bomba la maji au waya wa umeme unapita katika shamba, na mwenye shamba anatakiwa alipwe fidia. Lakini hati ya shamba ingali katika jina la babu aliyekufa zamani. Wana wake ni saba, wajukuu ni ishirini, na kesi ya urithi haijafunguliwa. Ofisa wa mradi hajui amlipe nani. Ndugu wanagombana, mmoja anang'oa vigingi vya mpimaji usiku. Mradi unasimama, na huku mkopo unangoja na ada inahesabiwa. Katika maskimu yetu jambo hili ni la kawaida kuliko tunavyopenda kukiri. Ndugu mkulima, kama shamba lenu lingali katika jina la marehemu, fungueni kesi ya urithi mwaka huu. Itawafaa watoto wenu, na itaifaa nchi.

Tena tuhudhurie mikutano. Kila mwaka, kabla ya tarehe 15 Februari, Hazina ya Taifa hupeleka Bungeni taarifa ya mpango wake wa deni. Kabla ya mwisho wa mwezi huo huo hazina za kaunti nazo hutakiwa kupeleka taarifa ya mpango wa deni katika mabaraza yao, kule Kitale na kule Bungoma. Mkutano wa bajeti unapotangazwa katika wadi yenu, msiuache kwa wale wanaofuata soda na nauli. Nendeni na swali moja tu: "Ni mikopo gani iliyoombwa kwa jina letu ambayo haijachukuliwa, na tumeilipia kiasi gani?" Swali hilo ni fupi, na halihitaji elimu kubwa. Naye mbunge wenu akumbushwe kwamba kifungu cha 211 kinaipa kila nyumba ya Bunge haki ya kudai habari za mkopo wo wote, na Waziri lazima azilete katika muda wa siku 7.

TUNALIJUA DENI

Watu wa skimu hawahitaji kufundishwa deni ni nini. Wazee wetu waliingia katika mashamba haya kuanzia mwaka 1962, wakati wa ule mpango wa ekari milioni moja. Fedha za kuwanunulia walowezi zilikopwa, kutoka Uingereza, Benki ya Dunia na Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola. Kisha wazee nao wakakopeshwa: mkopo wa ardhi wa kulipwa kwa miaka 30, na mkopo wa maendeleo wa miaka 10, wa ng'ombe, waya na mbegu. Riba ilikuwa asilimia sita na nusu. Wako waliolipa mapema, na wako waliokufa wakidaiwa, na watoto wao wakarithi ekari pamoja na deni. Wengi wenu mnajua nyumba ambayo hati yake ilichelewa miaka mingi kwa sababu hiyo.

Lakini wazee wale walipata kitu. Walidaiwa, na huku ng'ombe yuko zizini na mahindi yako shambani. Deni lao lilikuwa na miguu na pembe. Deni ninalolipinga mimi ni lile ambalo mtoto atalilipia bila kuona hata kwato. Ndiyo maana niliwaomba mkumbuke yale maneno ya Katiba juu ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Mzigo na faida vigawanywe kwa haki. Mkopo unaolala hauna faida ya kugawanya. Una mzigo tu.

Yule mzee wa Naitiri alipita ofisini mwezi uliopita kuuliza habari za chanjo ya ng'ombe. Binti yake yuko chuoni sasa. Kabla ya kuondoka alinitazama akasema, "Karani, siku nyingine ukinijazia fomu, andika kile nilichokutajia."

Nimeyatunza maneno hayo. Nadhani yafaa hata Bungeni.